Sahihi kwenye Hati ya Mapokezi: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Karibu barua zote zilizofika mwezi huu zinauliza jambo moja: Mkristo afanyeje pale uaminifu unapomgharimu riziki yake? Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko kawaida ya ukurasa huu, kwa sababu najua wako wengi ambao wangeiandika wao wenyewe kama wangethubutu.

*Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji, na shikamoo. Mimi ni mtunza stoo katika shule ya sekondari ya bweni yenye wanafunzi wapatao 400, na kanisani kwetu ni mzee wa kanisa. Mwaka jana mzabuni alileta magunia 80 ya mahindi badala ya 100. Mkuu wangu akaniagiza nisaini hati kwamba nimepokea yote, akasema yaliyopungua yangeletwa wiki inayofuata. Hayakuletwa. Muhula uliofuata sikuambiwa hata neno. Nilikuta hati imeshajazwa magunia 100, inangoja sahihi yangu tu. Kila mara nilipewa bahasha yenye shilingi 150,000. Mama yangu anaugua kisukari na dawa zake ni juu yangu, kwa hiyo fedha ile ilikwenda kwenye dawa, na fungu la kumi nililitoa kanisani. Mzigo wa tatu unakuja mwezi ujao. Nikikataa nitahamishiwa mbali au nitatafutiwa kosa. Je, aliyeamrishwa na mkubwa wake ana hatia? Na je, Mungu anayeyaona maradhi ya mama yangu atanihukumu?*
*— Mtunza Stoo, Kanda ya Ziwa*

Amina, na marahaba, mwanangu. Umeandika bila kujipamba, nami nitakujibu vivyo hivyo.

Tuanze na sufuria kabla ya kufika kwenye Maandiko. Magunia 20 ya kilo 100 ni kilo 2,000. Mwanafunzi mmoja akila nusu kilo ya unga kwa siku, wanafunzi 400 wanamaliza kilo 200, kwa hiyo sahihi yako ya kwanza iliondoa chakula cha siku 10, na ya pili ikaondoa siku 10 nyingine. Watoto hawakulala njaa siku 20 mfululizo, najua. Upungufu huo ulitawanywa katika muhula mzima, uji ukawa mwepesi, ugali ukapimwa kwa mkono mfupi, na mpishi akalaumiwa. Nimelitaja hili kwanza kwa sababu katika barua yako nzima hao wanafunzi wametajwa mara moja tu, kama idadi. Mkuu wako yumo, mama yako yumo, Mungu yumo, nawe umo. Dhambi ya karatasi ina hila hiyo: aliyedhulumiwa haonekani mahali penye kalamu.

Unauliza kama aliyeamrishwa ana hatia. Kumbuka kwamba Yusufu naye aliamrishwa na mtu mwenye mamlaka juu yake. Alikuwa mtumwa, na mke wa Potifa alikuwa bibi wa nyumba. Watu wengi hulisimulia jaribu lile kana kwamba lilitokea alasiri moja tu, vazi likashikwa na kijana akakimbia, lakini Mwanzo 39:10 inasema mwanamke yule alizungumza na Yusufu siku baada ya siku. Jibu la Yusufu lilikuwa limekwisha kutolewa mapema, siku ya kwanza, wakati neno lilipokuwa bado neno tu: “Nifanyeje ubaya huu mkubwa nikamkose Mungu?” Wewe siku ya kwanza uliambiwa kwamba mzigo ungekamilika wiki inayofuata, ukataka kuamini, na muhula wa pili hawakuona tena haja ya kukuambia chochote. Kabla ya kwenda chuo cha theolojia nami niliwahi kuwa karani wa stoo, katika ofisi ambayo siitaji, na ninajua jinsi kalamu inavyokuwa nyepesi mara ya pili. Amri ya mkubwa inapunguza sehemu ya hatia, kwa maana aliyepanga ana dhambi kubwa kuliko aliyesaini, lakini haiifuti, kwa kuwa mkono ni wako na jina lililoandikwa pale ni lako.

Jambo hili si geni katika Kanisa. Mwaka 250 Kaisari Decius aliwaamuru wakazi wa dola ya Roma watoe dhabihu kwa miungu mbele ya kamati za mahali, na kila aliyetoa akapewa hati. Baadhi ya hati hizo zimefukuliwa huko Misri, na maneno yake yanafanana sana: mtu anataja jina lake na kijiji chake, anasema siku zote amekuwa akiitolea miungu dhabihu, kwamba sasa mbele ya wakubwa amemimina kinywaji, ametoa dhabihu na kuionja, kisha anaomba watie sahihi. Wapo Wakristo waliokataa wakafungwa, wakateswa na wengine wakafa. Wapo waliotoa dhabihu kweli. Na lilikuwapo kundi la tatu, ambalo huwa linanikumbusha stoo zetu: waliompa ofisa kitu kidogo ili aandike kwamba wametoa dhabihu, ilhali hawakutoa. Hawa walisema, “Mkono wangu haukugusa ubani, nilichonunua ni karatasi tu.” Mateso yalipotulia, maaskofu walikutana Karthago, Afrika Kaskazini, mwaka 251, chini ya Cyprian, askofu wa mji huo, wakaamua kwamba hati ya uongo nayo ni kumkana Kristo, ingawa hatia yake ni nyepesi kuliko ya aliyetoa dhabihu. Waliotubu miongoni mwao walipokewa tena, kila mmoja kwa kusikilizwa shauri lake. Cyprian mwenyewe alikuwa amejificha wakati wa mateso hayo, na hakukosa watu wa kumsema kwa sababu hiyo. Mwaka 258, mateso yaliporudi, hakukimbia, akakatwa kichwa. Kwa hiyo walioamua habari hizo walikuwa watu wanaoijua hofu.

Kuhusu mama yako, sitakuambia kwamba maradhi yake si kitu mbele za Mungu. Biblia inajua kwamba umaskini ni jaribu. Ndiyo maana katika Mithali 30 mtu anaomba, “Usinipe umaskini wala utajiri,” na sababu anayoitoa ni kwamba akiwa maskini sana anaweza kuiba na kulitaja bure jina la Mungu wake. Mwombaji huyo hajiamini, nami napendezwa na kutojiamini kwake. Lakini angalia pia kwamba jaribu lako halikuanza na dawa. Bahasha ilikuja baada ya sahihi, na dawa zikaja baada ya bahasha; ni baadaye, ulipokuwa ukijitetea ndani ya nafsi yako, ndipo ulipozitanguliza dawa.

Na fungu la kumi, mwanangu, ungeliacha. Yuda alipozirudisha zile fedha na kuzitupa hekaluni, makuhani wakuu walisema si halali kuziweka katika sanduku la sadaka kwa kuwa ni kima cha damu, na waliosema hivyo ndio hao hao waliomlipa. Ikiwa wao waliona aibu, mhasibu wa usharika wako naye angeona aibu kama angejua. Torati katika Walawi 6 inamtaka aliyechukua kwa hila arudishe mali yenyewe na kuongeza sehemu ya tano. Kwa shilingi zako 300,000 hiyo ni 360,000. Zakayo alikwenda mbali zaidi, akasema, “Ikiwa nimenyang’anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne.” Sikupangii kiwango. Nasema tu kwamba toba yenye bahasha iliyoliwa haikamiliki kwa machozi, hata kama itakuchukua miaka miwili kuirudisha kidogo kidogo. Wala usiitumbukize fedha hiyo kwenye kapu la sadaka gizani na kuhesabu kwamba deni limelipwa, kwa maana walioibiwa ni wanafunzi.

Sasa mzigo wa tatu. Lori likifika, usikae mezani. Simama mlangoni mwa stoo na daftari, gunia lihesabiwe linapoingia, na mizani iwepo, kwa sababu gunia linaloitwa la kilo 100 linaweza kuwa na 88. Omba mwalimu wa zamu awepo, na mpishi pia. Ikiwa shule yenu ni ya umma, taratibu za ununuzi zinataka bidhaa zikaguliwe na kamati ya ukaguzi na mapokezi, na wewe unayo haki ya kusema kwa upole kabisa, “Mkuu, naomba kamati ikae.” Yakiingia magunia 80, andika 80 kwa tarakimu na kwa maneno, usaini mbele ya dereva, na nakala yako uitunze. Hati ikiletwa imeshajazwa 100, usigombane wala usihubiri. Sema kwamba huwezi kusaini idadi ambayo hukuihesabu. Sentensi hiyo ifanyie mazoezi nyumbani mpaka iweze kutoka mdomoni bila kutetemeka. Ni fupi, haimtukani mtu, na inafunga mlango.

Kuna upande wa sheria ambao nisipoutaja nitakuwa nimekudanganya. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inahesabu kuwa ni kosa kutumia hati yenye maelezo ya uongo kumdanganya mwajiri, kwa hiyo sahihi zako mbili hazikuishia kwenye dhamiri yako tu. Kabla ya kwenda popote, zungumza na wakili au kituo cha msaada wa kisheria, umweleze yote, hata yanayokuaibisha. Kisha kuna TAKUKURU, yaani taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ambao hupokea taarifa kwa simu ya bure 113, na kuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Sheria hiyo ipo kwa ajili ya watu wa hali yako, ingawa hakuna sheria inayoweza kuwazuia wenzako wasikununie chumba cha walimu. Yusufu alikataa ubaya akaishia gerezani, na hata gerezani alimwomba mnyweshaji wa Farao amtaje kwa mfalme. Kutafuta njia halali ya kutoka hakukupunguza imani yake. Alisahauliwa miaka miwili mizima. Aliuzwa akiwa na miaka 17, akasimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30, nawe ukikataa mwezi ujao usitegemee kwamba mambo yatakuwa yametengemaa ifikapo Pasaka.

Uzee wa kanisa nakushauri uuweke kando kwa muda, kwa hiari yako, baada ya kuzungumza faraghani na mchungaji wako. Mtu anayeungama anahitaji kukaa kwenye benchi kwanza.

Hapa naomba niseme na wazee wenzake, maana najua mnalisoma gazeti hili. Tunapenda kumwimbia Yusufu, lakini kijana wetu akikataa kusaini na kufukuzwa kazi, tunampa mkono, tunamwambia Bwana atafungua mlango mwingine, na sisi tunakwenda chakula cha mchana. Yuko mtu mmoja aliyemwandikia Cyprian kuuliza habari za mwigizaji aliyeamini, akaacha jukwaa, lakini akaendelea kuwafundisha vijana uigizaji, kazi iliyokuwa imefungamana na upagani na uchafu. Cyprian alisema kazi hiyo aiache. Lakini hakuishia hapo: kama mtu huyo anasingizia umaskini, alisema, basi alishwe pamoja na maskini wanaotunzwa na kanisa, aridhike na chakula cha kawaida, na kama kanisa la huko halina uwezo wa kumlisha, aletwe kwetu, atapata hapa chakula na mavazi. Usharika wenye mfuko wa ujenzi, mfuko wa kwaya na mfuko wa magari hauna sababu ya kukosa fungu la dawa za kisukari za mama mmoja kwa miezi sita.

*Mchungaji, mimi ni Mlutheri na mume wangu ni Mkatoliki. Tukisali pamoja jioni, mimi husema “usitutie majaribuni” naye husema “usitutie katika kishawishi.” Watoto wameanza kuuliza nani anakosea. Na je, Mungu anaweza kweli kumtia mtu majaribuni?*
*— Mama Watoto, Moshi*

Hakuna anayekosea. Kigiriki cha Agano Jipya kina neno moja, peirasmos, linalobeba mambo mawili ambayo Kiswahili chetu kimeyatenga: jaribu, yaani taabu inayompima mtu kama moto unavyopima dhahabu, na kishawishi, yaani mvuto wa kutenda ubaya. Kila tafsiri ilibidi ichague. Ninyi wawili mnaposali pamoja mnalitamka neno zima, jambo ambalo nyumba zenye dhehebu moja hazilipati, basi watoto waambieni hivyo.

Swali lako la pili limewasumbua wakubwa. Wakatoliki wa Ufaransa walibadilisha mstari huo katika sala yao mwezi Desemba 2017, ili usieleweke kana kwamba Mungu ndiye anayemsukuma mtu shimoni. Sasa wanaomba asiwaache waingie katika kishawishi. Yakobo 1:13 inakataza kabisa mtu anayejaribiwa kusema kwamba anajaribiwa na Mungu. Ila mambo haya mawili hukaa nyumba moja. Mtunza stoo hapo juu ana jaribu, ambalo ni maradhi ya mama yake, na ana kishawishi, ambacho ni bahasha. Jaribu hakulichagua, na bahasha ilimjia ikiwa imevaa nguo za jaribu hilo. Ndiyo maana 1 Wakorintho 10:13, ambayo tunaitaja kwa haraka misibani, inaahidi “mlango wa kutokea, ili mweze kustahimili.” Mara nyingi mlango huo unamtoa mtu kwenye kishawishi na kumwacha ndani ya jaribu lake.

*Bwana asifiwe, pasta. Mimi ni mjane, nauza viazi karai na bhajia hapa Kilifi. Biashara imerudi nyuma tangu mume wangu afariki miaka miwili iliyopita. Katika mkutano wa injili mhubiri alisema nimefungwa kwa sababu ya imani haba, nipande mbegu ya shilingi 10,000. Nilikopa kwenye chama chetu nikatoa. Miezi minne imepita, binti yangu amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na chama kinadai. Nilipomrudia mhubiri, niliambiwa mbegu yangu ilioza kwa sababu nilikuwa na shaka. Jirani ananiambia niende kwa mganga. Je, Mungu ananiadhibu?*
*— Mchuuzi, Kilifi*

Mama, pole sana, kwa mume na kwa haya yaliyofuata.

Mungu hakuadhibu. Rafiki zake Ayubu walimweleza kwa mashairi marefu kwamba mateso yake lazima yana kosa nyuma yake, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa. Na wale vijana watatu mbele ya tanuru ya moto walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, “Bali kama si hivyo, ujue, Ee mfalme, ya kuwa sisi hatukubali kuitumikia miungu yako.” Hayo maneno “kama si hivyo” yangetamkwa kwenye mkutano ule ungeambiwa ni shaka. Danieli anayaandika kama imani.

Najua utatajiwa mjane wa Sarepta, ambaye alimwandalia Eliya mkate kabla ya kujiandalia yeye na mwanawe. Ni kweli. Ila Eliya alikaa katika nyumba ile ile wakati wa njaa ile ile, akala kutoka pipa lile lile la unga, na mtoto alipokufa alimbeba mwenyewe ghorofani na kulia mbele za Mungu. Mwulize mhubiri wako kama amewahi kula viazi kwako. Tena yuko mjane mwingine ambaye hatajwi sana siku za kukusanya mbegu, yule wa 2 Wafalme 4. Alikuwa na deni kama wewe, na mdai alikuwa anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hakumwambia alete kitu. Alimwuliza, “Una kitu gani nyumbani?” Palikuwa na chupa ya mafuta tu. Akamwambia aazime vyombo kwa majirani, ajifungie ndani na wanawe, amimine. Nabii hakuwamo chumbani, wala hapakuwa na mkutano wala kipaza sauti. Kisha akamwagiza auze mafuta, alipe deni, na yaliyobaki wayatumie, yeye na wanawe; wala hatusomi kwamba Elisha alirudi kudai chake.

Kwa mganga usiende, na sikukatazi kwa vitisho. Linganisha tu utaratibu. Huko nako utalipa kwanza, utaahidiwa kufunguliwa, na mambo yasipofunguka utaambiwa ulivunja mwiko. Umeshauona mchezo huo mara moja. Kosa siku zote ni la mteja.

Kwenye chama, nenda kabla ya siku ya kikao, umwone mwenyekiti, umwambie fedha zilikwenda wapi. Aibu ya robo saa ni nafuu kuliko kuwakwepa wanawake wenzako sokoni mwaka mzima, na nina hakika hutakuwa wa kwanza kati yao kupanda mbegu ya namna hiyo. Omba kulipa kidogo kidogo kila wiki kwa kiasi ambacho karai lako linaweza. Kwa karo, mwone mwalimu mkuu ana kwa ana na cheti cha kifo cha marehemu, kisha uulizie fomu za basari ya kaunti na za mfuko wa maendeleo wa eneobunge; fomu hizo zina tarehe ya mwisho, basi usingoje.

Na usiku ukishindwa kuomba kwa sababu ya hasira, fungua Zaburi ya 13, usome kwa sauti ukiwa umekasirika hivyo hivyo: “Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?” Aliyeiandika hakuambiwa kwamba mbegu yake imeoza.